Dakika Tano za Marehemu

Fundi Meno alimaliza kazi ya dada yake siku ya kumi na tisa baada ya kumzika. Aliing'arisha kwa kitambaa laini, akaiosha, akaikausha, akaiweka mezani karibu na dirisha, kisha akarudi nyuma hatua mbili kuitazama, kama alivyozoea kufanya kila kazi inapokwisha. Ilikuwa seti ya juu, meno kumi na manne, fizi za rangi ya waridi iliyokolea kidogo, na katikati, kati ya yale meno mawili ya mbele, kulikuwa na mwanya. Mwanya safi, wa upana wa punje ya mchele. Katika miaka yake yote ya kutengeneza meno bandia hakuwahi kutoa kazi nzuri kama ile. Akanyoosha mkono achukue simu amwite mwenyewe aje kujaribu, na mkono ukabaki hewani.

Alikuwa na karakana ya chumba kimoja nyuma ya kliniki ya meno. Daktari alipima vinywa huko mbele, yeye akavitengeneza huku nyuma, katikati ya mataya ya plasta yaliyopangwa rafuni, kila moja limeandikwa jina la mwenyewe kwa penseli. Nusu ya wazee wa mtaa walitafuna kwa kazi ya mikono yake. Akikutana nao barabarani aliwatambua kwa meno kabla ya sura, na wengi walishazoea kuamkiwa na mtu ambaye macho yake yamekaa midomoni mwao. Hakuwahi kuoa. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba anaona vinywa vya kutosha mchana kutwa.

Dada yake alimzidi miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini, mwanamke wa mikono mikubwa na kicheko kikubwa zaidi. Kicheko chake kilianzia chini, polepole, kama maji yanayotafuta kuchemka, halafu ghafla kinainua kifuniko. Meno yake ya juu aliyapoteza akiwa bado kijana, siku mlango wa mashine ya kukaushia mashuka ulipofyatuka na kumpata usoni. Kabla ya hapo alikuwa na mwanya, na mwanya huo, kwa maelezo yake mwenyewe, uliwahi kusimamisha gwaride.

Kila Fundi alipomtengenezea meno mapya, dada aliomba mwanya wake, na kila mara alikataliwa.

"Dada, mtu akiona nafasi pale atadhani jino limedondoka. Ataanza kuuliza fundi ni nani."

"Mwambie fundi ni mdogo wangu, na nafasi ni yangu."

Mwaka huu ndipo Fundi alipokubali. Alimwambia aje wiki ijayo. Ilipofika wiki ijayo, akamwambia wiki ijayo. Walipita wateja wengine, yakapita mafua, lakini ukweli ni kwamba kila alipoyapanga yale meno mawili kwenye nta, vidole vyake viliyasogeza vyenyewe mpaka yakakutana. Mara nne alisema wiki ijayo. Kisha Jumanne moja asubuhi, dada yake akiwa nyumbani anakunja shuka, kazi ambayo hakuiacha hata baada ya kustaafu, moyo wake ulisimama. Walimkuta amekaa kitini, shuka mapajani, limekunjwa vizuri mara tatu na bado moja. Alizikwa na yale meno ya zamani, yaliyonyooka na kubanana kama askari.

Sasa haya yalikuwa mezani, na hakuna kinywa kingine duniani ambamo yangekaa.

Siku ya ishirini aliyafunga kwenye leso akaenda nayo ofisi ya makaburi. Karani alikuwa mwanamume nadhifu mwenye mihuri mitatu mbele yake.

"Nikusaidie nini, mzee?"

"Nimeleta meno ya marehemu."

Karani aliitazama leso. "Yamechelewa?"

"Yamechelewa."

"Marehemu alikwenda bila meno?"

"Alikwenda na mengine. Haya ndiyo aliyoyataka."

Karani alifungua droo, akapekua, akaifunga. "Hapa nina fomu ya kuzika na fomu ya kuhamisha. Fomu ya kuongezea sina."

"Siwezi tu kufukua kidogo pembeni nikayaweka?"

"Hapana, huko ni kuzika. Na tukisema ni kuzika, nitahitaji jina, umri na sababu ya kifo."

"Cha meno?"

"Cha anayezikwa."

"Hayajafa," alisema Fundi. "Hayajawahi hata kutumika."

Karani aliweka kalamu chini kwa upole. "Basi hapo ndipo ugumu ulipo, mzee wangu. Mimi sina ruhusa ya kupokea walio hai." Akampa pole, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akagonga muhuri kwenye kipande cha karatasi kinachoonyesha kwamba Fundi alifika.

Kuanzia hapo akawa anatembea nayo kwenye mfuko wa shati. Alikula nayo, akafanya kazi nayo, akasinzia nayo kitini baada ya chakula cha mchana. Ijumaa alikwenda kumjulia hali mpwa wake, binti pekee wa dada, ambaye alikuwa mkutubi wa maktaba ya mtaa: mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuomba wengine wanyamaze. Walikaa mezani wakinywa chai. Leso ilikuwa imelegea.

"Mjomba," alisema mpwa, "mfuko wako unacheka."

Fundi alitazama chini. Meno manne yalikuwa yamechungulia nje pamoja na mwanya wake. Akaona haina maana kuficha, akamweleza yote, pamoja na karani na muhuri. Mpwa alisikiliza bila kukatiza. Aliyachukua meno, akayageuza mwangani, akayarudisha mezani.

"Njoo nayo kesho kwenye Jukwaa," alisema.

Jukwaa lilikuwa kitu chake yeye. Kila Jumamosi saa kumi alasiri alisogeza rafu za vitabu ukutani, akatundika kitambaa juu ya kibao cha KIMYA TAFADHALI, akawasha kipaza sauti, na mtu yeyote wa mtaa aliruhusiwa kupanda na kusema, kuimba, kusoma au kulalamika kwa dakika tano. Kila mwezi walikuwa na mada. Mwezi huu mada ilikuwa waliokwenda, na shukrani wanazotudai ambazo hatukuwahi kuwafikishia.

"Mimi si mtu wa kusema," alisema Fundi. "Kazi yangu ni kuwaambia watu wafungue mdomo na kuufunga."

"Basi umeshazoea kuwa mbele ya watu waliopanua midomo. Nimekuandika wa tano."

"Umeniandika lini?"

"Sasa hivi," alisema mpwa, na kweli kalamu ilikuwa mkononi.

Kesho yake watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye rafu ya kamusi. Fundi alikaa mstari wa mbele. Kulia kwake alikaa Mwalimu wa Hesabu, mstaafu ambaye alivaa seti za Fundi, ya juu na ya chini, na ile ya chini ilikuwa imeanza kucheza. Fundi aliisikia ikigonga kila mwenyewe alipovuta pumzi, na akaandika kichwani kwamba Jumatatu lazima amwite. Kando ya jukwaa, kwenye kiti cha peke yake, alikaa mtunza muda, mwamuzi wa mpira aliyestaafu, ambaye kila mtu alimwita Refa. Alikuwa na saa ya kusimamisha, filimbi na kadi zake mbili. Dakika ya nne alionyesha ya njano, ya tano nyekundu. Hakukuwa na rufaa.

Alipanda kwanza fundi kufuli, mwanamke mfupi mwenye rundo la funguo kiunoni. Alisema funguo hizi ni za nyumba ya marehemu baba yake, nyumba iliyobomolewa kupisha barabara. Hakutoa hotuba. Aliinua ufunguo mmoja mmoja mbele ya kipaza sauti, akautikisa, akautaja.

"Huu wa stoo. Huu wa chumba cha wageni. Huu wa kabati la sukari." Alifika kwenye ufunguo mdogo wa shaba, akautazama kwa muda. "Huu sijui."

Watu ambao walikuwa wamevumilia mpaka kabati la sukari wakaanza kutafuta vitambaa vya kufutia machozi. Baada yake alipanda mtu aliyesoma barua kwa gari lake, kisha wawili walioimba wimbo mmoja kwa wakati mmoja kwa sababu kila mmoja alidhani zamu ni yake. Halafu likaitwa jina la Fundi.

Alipanda. Kipaza sauti kilikuwa kirefu kumzidi kwa kiganja kizima, naye hakujua kukishusha, akabaki anakitazama kwa chini kama mgonjwa anavyoitazama taa ya daktari. Ikapita dakika moja. Akatoa leso, akaifungua, akayaweka meno juu ya stuli iliyowekwa pale kwa ajili ya glasi ya maji.

"Haya ni meno ya dada yangu," alisema. "Dada yangu hayupo. Meno yapo."

Akanyamaza, kwa sababu alipotazama hilo ndilo lililokuwa jambo lote. Lakini watu walikuwa bado wanasubiri, na mtu anayesubiriwa husema anachokijua. Basi akawaeleza jinsi kipimo kinavyochukuliwa, jinsi nta inavyolainishwa kwenye maji ya vuguvugu, kwa nini jino la chonge huwekwa limeinama kidogo nje, na kwamba plastiki ya fizi ikiharakishwa hutoka na matundu kama mkate. Alizungumza vizuri. Alipofika kwenye suala la meno ya juu kukutana na ya chini, watu kadhaa walikuwa wanauma na kuachia kwa utulivu, wakijipima. Refa alionyesha kadi ya njano.

"Kuna mwanya hapa," Fundi alisema haraka. "Aliuomba miaka mingi. Nilikuwa namwambia haufai. Halafu nikasema wiki ijayo. Nikasema tena wiki ijayo. Mimi nilimfanya asubiri kitu cha upana wa punje ya mchele. Na yeye hakuwahi kunifanya nisubiri kitu chochote, hata chakula. Alikuwa anatoka kazini mikono imechubuka na sabuni, anapika kabla hajavua viatu."

Kadi nyekundu ikapanda.

"Hajamaliza," alisema fundi kufuli kutoka kwenye kiti chake.

"Muda umemaliza," alisema Refa.

"Muongezee za majeruhi."

"Sikuona majeruhi."

Mwalimu wa Hesabu alisimama kwa heshima na kueleza kwamba, kwa hesabu zake, dakika moja na sekunde ishirini za mwanzo Fundi hakusema kitu, kwa hiyo hizo ni deni. Refa alijibu kwamba kukaa kimya nako ni kucheza. Wengine wakaingilia. Ukumbi uligawanyika pande mbili, na Fundi alikuwa ameshaanza kuikunja leso ashuke, mpwa wake aliposimama nyuma ya meza ya kuandikisha akiwa ameshika daftari la orodha.

"Samahani," alisema kwa ile sauti yake ya maktaba, na ukumbi mzima ukatulia kwa mazoea. "Nimeangalia orodha. Wa sita ni mama."

Hakuna aliyeelewa. Akaligeuza daftari walione. Lilikuwa daftari la mwaka mzima, na watu wenye bidii walijiandikisha mapema. Kwenye ukurasa wa siku hii, kwa mwandiko wa herufi kubwa zilizolala kama mashuka kwenye kamba, yalikuwa yameandikwa maneno haya, na mpwa akayasoma: "Bibi wa kufulia. Nitacheka. Dakika tano. Nitakuwa na meno mapya."

"Aliandika lini?" aliuliza Fundi.

"Miezi mitatu iliyopita. Alisema umeshamkubalia, kwa hiyo kufika siku hii hata wewe utakuwa umemaliza."

Fundi aliketi kwenye ukingo wa jukwaa. Aliziona zile wiki zijazo zote nne zimejipanga mbele yake, na dada yake anazipokea moja moja, anasema haya, hakuna neno, huku mwenyewe anajua ana shughuli.

Refa alisimama. Alikuwa na kanuni za Jukwaa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya soksi yake, mahali alipozoea kuweka vitu muhimu. Aliisoma yote huku midomo ikicheza. Kisha akaikunja tena.

"Aliyeandikwa kwenye orodha ana haki ya dakika zake," alitangaza. "Kanuni haisemi lazima awe hai. Inasema asilewe, asitukane na asizidishe muda. Marehemu hajavunja hata moja. Meno yabaki. Fundi, shuka."

Fundi akashuka. Mpwa alikuja akashusha kipaza sauti mpaka kikawa sawa na stuli, akayageuza meno yawatazame watu, akarudi mezani kwake. Refa akapuliza filimbi, akabonyeza saa.

Kwa dakika nzima ya kwanza watu mia moja na kitu walikaa wakitazama meno. Ilikuwa heshima ya kweli. Mtu mmoja alivua kofia. Mwingine, aliyekuwa anakula karanga, alifunga mdomo na kuiacha karanga humo ndani bila kuitafuna. Fundi hakuweza kutazama. Alitazama magoti yake.

Dakika ya pili feni ya juu, ambayo ilikuwa na mtikisiko wake wa siku zote, ilianza kuitikisa stuli. Meno yakaanza kutembea. Yalikwenda polepole, unywele kwa unywele, kuelekea kwenye kipaza sauti, na kipaza sauti kikaikuza ile hatua yao ndogo mpaka ikajaa ukumbi: tik, tik, tik. Fundi kufuli alimshika mkono jirani yake. Watu walikuwa wanainama mbele vitini. Hakuna aliyekuwa na hakika meno yakifika yatasema nini.

Dakika ya tatu yalifika. Yakagusa chuma cha kipaza sauti, yakagonga mara moja, yakatulia, kama mtu aliyesafisha koo.

Hayakusema kitu. Ukumbi ulisubiri. Na sekunde ya mwisho ya dakika ya nne ilipoisha, Refa, ambaye hajawahi kumpendelea mtu maishani mwake, alisimama wima, akanyoosha mkono, akayaonyesha meno kadi ya njano.

Hapo Mwalimu wa Hesabu alishindwa. Alikuwa amejibana tangu ile tik ya kwanza, mashavu yamevimba, machozi yanamtoka, na alipoiona kadi ile imeinuliwa kwa haki kamili mbele ya meno kumi na manne, kilitoka kicheko chenye nguvu hivi kwamba seti yake ya chini iliruka, ikapita hewani, ikatua mapajani kwa fundi kufuli. Yeye aliitazama. Akaishika kwa ncha za vidole.

"Mwalimu," aliuliza, "hii nayo imeandikwa kwenye orodha?"

Ukumbi ukapasuka. Walicheka wale wa mbele, wakacheka wa kwenye rafu ya kamusi, akacheka yule wa karanga mpaka ikabidi apigwe mgongoni. Fundi alianza kwa kukohoa, kisha mabega yakamwenda, kisha akawa anacheka na kulia kwa pamoja bila kujua kipi kimeanza. Na katikati ya kelele hizo alisikia kitu kingine kutoka meza ya kuandikisha. Kilianzia chini, polepole, kikipanda, kikitafuta njia, halafu kikainua kifuniko. Aligeuka. Mpwa wake, ambaye tangu utotoni alicheka kwa kutabasamu tu, alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, mdomo wote wazi, anacheka kicheko cha mama yake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mwenyewe alionekana kushangaa kinatoka wapi. Alikishika kifua kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango, na kikaendelea kutoka.

Dakika ya tano ilipotimia Refa aliinua kadi nyekundu, akaishusha, kisha akaenda mwenyewe mbele ya stuli na kuinamisha kichwa. "Umetumia muda wako vizuri, mama," alisema.

Wa saba kwenye orodha alikuwa Mchekeshaji. Huyu alikuwa fundi bomba siku za kazi, na kila Jumamosi kwa miaka sita alikuwa amepanda na vichekesho alivyoviandika wiki nzima, na kwa miaka sita watu walikuwa wamemsikiliza kwa adabu. Alipoitwa alipanda taratibu, akashika kipaza sauti, akayatazama meno ambayo hakuna aliyekumbuka kuyaondoa.

"Mimi sitaweza," alisema. "Nimehangaika hapa miaka sita. Huyu amekuja mara moja, hana hata mwili."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa karibu kama cha kwanza. Mchekeshaji aliwatazama watu kwa uchungu, maana alikuwa amesema kutoka moyoni, akashuka akaketi. Inasemekana mpaka leo hajui kilichowachekesha.

Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuendelea, na mpwa akafunga daftari wakati bado majina matatu hayajaitwa. Watu walipanga mstari kumpa Fundi mkono. Fundi kufuli alimvuta pembeni akamwuliza, kwa sauti ya kuuliza habari za mtu mwingine, kama mwanya unaweza kuwekwa kwa mtu ambaye hakuzaliwa nao. Mwalimu wa Hesabu alisema Jumatatu asubuhi na mapema, akisemea ndani ya leso aliyojizibia mdomo.

Walipokwisha kutoka wote, Fundi na mpwa wake waliingia kwenye jiko dogo lililokuwa nyuma ya maktaba, chumba kisichotosha watu watatu, na mpwa akabandika maji ya chai. Jua lilikuwa bado linaingia dirishani. Alikuwa ameyachukua meno ya mama yake kutoka kwenye stuli na kuyaweka kwenye kikombe safi, akasema, kama Mjomba hana neno, angependa kukaa nayo yeye.

"Chukua," alisema Fundi. "Nimechoka kuwa na mfuko unaocheka."

Walikunywa. Kisha mpwa alisema, "Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye orodha. Muda haukufika."

"Ulikuwa useme nini?"

Badala ya kujibu alivuta mkoba wake, akatoa kopo la bati la biskuti, akalifungua. Ndani, kwenye pamba, kulikuwa na seti nyingine ya meno. Fundi aliitoa, akaipeleka dirishani, na uso wake ukakunjamana. Fizi zilikuwa nyekundu kama nyanya. Meno yalikuwa makubwa, yamepandana, jino moja limegeuka kutazama upande kana kwamba limeitwa.

"Nani katengeneza uchafu huu?"

"Wewe," alisema mpwa.

Fundi aliitazama tena.

"Ya kwanza," mpwa akasema. "Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Mwalimu wako wa karakana alikuwa amekwambia huna mkono wa kazi hii, ukaja nyumbani unasema unaacha. Mama akakwambia bwana huyo hajui kitu, nitengenezee mimi. Ukamtengenezea. Akayavaa mbele yako, akakwambia yamekaa kama alizaliwa nayo."

"Nakumbuka hilo," alisema Fundi. "Aliyavaa zaidi ya miaka miwili."

"Aliyavaa ukiwepo. Mlango ukifungwa tu, anayatoa. Alikuwa anakula uji na ndizi mbivu, Mjomba, miaka miwili na nusu. Mimi ndiye niliyekuwa nawekwa dirishani. Nikiona viatu vyako vinakunja kona, nasema anakuja, naye anayarudisha mdomoni, anakaa anakusubiri anatabasamu. Nilikuwa na miaka sita. Nilidhani ndivyo wageni wanavyopokelewa kila nyumba."

Maji ya chai yaliyobaki yalikuwa yanalia jikoni. Fundi alizima moto, kwa sababu alikuwa karibu nao zaidi.

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema ukijua utaacha kazi."

Na angeacha. Alilijua hilo vizuri kama alivyojua jina lake. Angeacha, na leo angekuwa anabeba mizigo mahali, au asingekuwepo kabisa. Na Mwalimu wa Hesabu, na yule wa karanga, na wazee wote wa mtaa, wangekuwa wanatafuna kwa kazi ya mtu mwingine. Aliketi. Alipitisha kidole gumba taratibu juu ya yale meno mabaya, la kwanza, la pili, la tatu, mpaka akafika nyuma kabisa upande wa kushoto, akasimama.

"Hapa," alisema. "Gego hili limezidi. Kama nusu milimita hivi. Kila akiuma, lilikuwa linapigilia seti yote kwenye ufizi." Alinyoosha mkono bila kuinua macho. "Una tupa ya kucha?"

"Mjomba, hayana kazi tena hayo."

"Najua."

Mpwa alitafuta mkobani akampa. Fundi aliinamia meza, akaegemeza seti kwenye pembe ya kitabu, akaanza kulisugua lile gego kwa mipigo mifupi, akipuliza vumbi, akipima kwa kidole, akisugua tena. Mpwa alisogeza vikombe visiingie vumbi. Ilichukua karibu robo saa. Alipomaliza aliishika mbele ya dirisha, akafumba jicho moja, akaona gego limelala sawa na wenzake.

"Asante," alisema, kwa sauti ya chini sana.

Mpwa alidhani ni kwa ajili ya tupa. "Si kitu, Mjomba," alisema, akanyoosha mkono kuipokea, naye Fundi hakumsahihisha.